Moto wa Kuwashiwa

Ndugu msomaji, nianze kwa kukiri kosa langu, usije ukadhani ninawarushia wenzangu mawe nikiwa nimejificha nyuma ya ua. Kuna wikendi moja mimi na jamaa zangu, watu kumi na mmoja, tulitoka Nairobi Ijumaa jioni kwenda kupiga kambi kando ya Ziwa Naivasha, mwendo wa kilomita kama 90 hivi. Alikuwapo baba, mama, mjomba na mkewe, nyanya, sisi vijana na watoto wadogo. Kila kitu tulikilipia: hema zilizokwisha simamishwa, kuni, mpishi, na farasi watano wa kupanda Jumamosi. Tulilala siku mbili, tukapiga picha, tukarudi mjini. Kila mtu alisema safari ilifana. Mimi nasema tulijiaibisha, na leo nataka tuulizane kwa nini.

Najua wapo watakaonirukia mara moja: "Si tulikwambia? Kambi ni mambo ya Wazungu!" La hasha! Hilo silikubali hata kidogo. Miaka ya 1800 misafara iliyotoka pwani, ya Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji, na ile ya Mombasa iliyopita hapohapo Naivasha, ilipiga kambi kila jioni. Wapagazi walitua mizigo, wakagawana kazi, huyu maji, yule kuni, wakapika na kula kwa vikundi. Joseph Thomson alipofika Naivasha mwaka 1883, unadhani alifika na hema lake begani? Alibebewa na watu wa pwani na wa bara, na watu hao walijua kambi kuliko yeye. Kwa hiyo mtu asiniambie kulala nje ni uzungu. Na hata tukisema kambi hizi za vijana tumezipata kwa skauti, basi yule Baden-Powell, aliyefia Nyeri mwaka 1941, alitaka kijana ajipikie mwenyewe. Sisi ndio tuliokwenda porini kupikiwa.

Sasa nikupeleke Jumamosi asubuhi. Farasi waliletwa na saisi mmoja, mtu mzima, makamo ya baba yangu, ndevu zimeanza kuingia mvi. Mjomba akamwita kwa kidole: "Wee kijana! Hebu mlete huyo mweupe hapa."

Kijana! Mzee yule hakusema neno. Alikaza mkanda wa tumbo, akaurefusha ugwe wa kikuku, akamsaidia mjomba kupanda kwa upande wa kushoto, kisha akashika kamba na kuanza kutembea. Mjomba juu, mzee chini. Nasi tukacheka, kwa sababu mjomba alikuwa amekaa kama gunia la viazi. Mimi pia nilicheka. Hilo ndilo kosa langu.

Basi ikafika zamu ya binamu yangu, mtoto wa miaka tisa. Alizungushwa mara mbili, akachoka. Unajua alisemaje? "Wee kijana, nishushe!"

Hakufundishwa darasani maneno hayo. Aliyasikia kwa baba yake, akaona tumecheka, akajua ndiyo desturi. Nusu saa ilitosha kumfanya mtoto wa watu bwana mdogo.

Tena farasi mwenyewe ana historia yake pale. Huku kwetu farasi hawakuwa wengi, kwani kuna ugonjwa wa farasi unaoenezwa na visubi, na bila chanjo huwafagia. Waliokuja kuwajaza nyanda za juu ni masetla. Kwa mkataba wa 1904 Wamaasai walihamishwa kutoka sehemu hizo za Bonde la Ufa, na mwaka 1939 sheria ikatiwa muhuri kwamba nyanda hizo ni za Wazungu. Mwafrika alikuwa na nafasi moja tu karibu na farasi: kumsugua, kumlisha na kushika kamba. Leo masetla hawatawali tena, tandiko limebaki, nasi tumelikalia. Vizuri, na tulikalie! Lakini je, ilikuwa lazima turithi na ule mdomo wao?

Mchana watu walipolala, dada yangu mdogo alimfuata yule saisi mtini. Akamuuliza, "Mzee, wewe hupanda lini?" Akajibu, "Mimi huwapeleka tu." Halafu, kwa kuwa ameulizwa kwa adabu, akafungua hazina. Akamwonyesha jinsi ya kumlisha farasi kwa kiganja kilichonyooka, asiumwe vidole. Akamwambia aweke sikio ubavuni asikie tumbo likinguruma. "Likinguruma, ni mzima. Likinyamaza kabisa, hapo uogope. Farasi hawezi kutapika; tumbo likimsokota, unaweza kuamka umkute amekufa." Dada yangu alirudi na maarifa ambayo sisi wengine tuliyapita njiani tukiwa juu ya tandiko. Yule mzee alikuwa mwalimu, na sisi tulimlipa kama mtu wa kuvuta mkokoteni.

Jioni ikawa mbaya zaidi. Naivasha iko juu, usiku baridi hukata. Mpishi alikuja na chupa ya mafuta ya taa, akamwagia kuni, akawasha, akaweka wavu wa kuchomea nyama. Watoto waliambiwa wakae mbali, wasichafuke. Nyanya yangu, ambaye ameinjika sufuria kwenye mafiga matatu tangu akiwa msichana, ambaye anaweza kuamsha moto kwa kaa moja la jana na pumzi yake, aliketishwa kwenye kiti cha plastiki na kufunikwa shuka kama mgonjwa. Alijaribu kuinuka achochee kuni. Mama akamwambia, "Pumzika, Mama, kuna mtu wa kazi hiyo."

Nyanya akatutazama. Akasema, "Basi kama hapa sina kazi, nipelekeni nikalale."

Saa mbili ya usiku! Akaenda, na hadithi zake zote akaenda nazo hemani. Sisi tukabaki tunautazama moto ambao hakuna hata mmoja wetu aliyeuwasha, kila mtu na simu yake mkononi. Na nyuma ya jikoni, gizani, mpishi na saisi walikuwa wakila wali wao wamesimama.

Jamani, tulilipa pesa nyingi kiasi hicho ili tupate nini? Si ndiyo maisha yetu ya Nairobi tuliyahamisha hadi ziwani, bwana na mtumishi, tukaongeza moshi tu?

Mjomba, nilipomwambia haya, alinijibu: "Wewe na vitabu vyako! Tusipowaajiri watakula nini?" Swali zuri, na sitalikwepa. Mwajiri, Mjomba. Mlipe, tena mwongeze. Lakini mlipe awafundishe watoto kufunga hatamu, kusafisha ukwato na kutandika, si kuwazungusha kama mizigo. Mpishi naye mlipe awaonyeshe namna ya kupanga leleshwa kavu ishike moto bila mafuta ya taa, na viazi vitamu vifukiwe vipi kwenye majivu visiungue. Kazi itabaki, mshahara utabaki, heshima itaongezeka. Anayepoteza hapo ni nani?

Wazee wetu walisema jifya moja haliinjiki chungu. Sisi tumefanya kambi ya jifya moja: mwenye pesa. Nyanya tumemwondoa, watoto tumewafukuza, na anayejua kazi tumemwita kijana. Kisha tunashangaa chungu kimepinduka!

Kwa hiyo, wewe unayepanga kuwapeleka watoto wako kambini likizo ijayo, nakuomba mambo matatu tu. Wape watoto kibiriti na kuni kavu, waungue vidole kidogo, wajifunze. Mpishie nyanya, au bora zaidi, muombe awasimamie. Na chakula kikiiva, muite aliyeshika kamba mchana kutwa, kwa jina lake, aketi motoni pamoja nanyi.

Mimi jina lake sikulijua hadi tunaondoka. Ni dada yangu aliyelijua, kwa kuwa ndiye pekee aliyemuuliza.