Walinzi wa benki za India waliokosa kuuliza maswali

MNAMO Machi 2018, bodi ya wakurugenzi wa benki ya ICICI, mojawapo ya benki kubwa zaidi za kibinafsi nchini India, ilitangaza kwamba ina imani kamili na Afisa Mkuu Mtendaji wake, Bi Chanda Kochhar. Uchunguzi huru ulikuwa haujaanza.

Lawama zilihusu mkopo wa rupia bilioni 32.5 ambao kampuni ya Videocon ilipewa mwaka 2012. Mkuu wa Videocon, Bw Venugopal Dhoot, alikuwa na uhusiano wa kibiashara na mumewe Bi Kochhar. Hapo ndipo penye kiini cha mambo. Utawala bora haumkatazi mke wa mfanyabiashara kuongoza benki. Humtaka atangaze maslahi yake, na atoke mkutanoni mkopo wa aina hiyo unapojadiliwa. Nao wakurugenzi ni wajibu wao kuuliza. Ama hawakuuliza, ama waliridhika upesi mno.

Januari 2019, uchunguzi wa jaji mstaafu B.N. Srikrishna ulibaini kwamba alikiuka kanuni za maadili za benki. Bodi, iliyokuwa imepata mwenyekiti mpya, ikaamua kuwa kuondoka kwake Oktoba 2018 kuhesabiwe kama kufutwa kazi. Bi Kochhar amekana kutenda kosa lolote.

Katika Yes Bank, mwasisi wake Bw Rana Kapoor ndiye aliyeshika usukani. Si wakurugenzi waliomwondoa. Benki Kuu ndiyo iliyokataa aendelee kupita Januari 2019. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na hii ilifika madhara yakiwa yameenea. Machi 2020 wateja walizuiwa kutoa zaidi ya rupia 50,000, hadi State Bank of India na wenzake walipoingiza mtaji.

Aprili 2021, Benki Kuu iliagiza kwamba afisa mkuu wa benki ya kibinafsi asizidishe miaka 15 mamlakani, na mwenyekiti wa bodi awe mkurugenzi huru. Ni hatua njema, ingawa muda haukuwa ndio ugonjwa wenyewe. Jina la mkurugenzi huyo huru bado hupendekezwa na kamati ya wakurugenzi wenzake, kisha likaidhinishwa na wenyehisa ambao wengi wao hawamjui hata kwa sura.