Msimsingizie Mungu Ubaguzi Wenu

Mwaka jana mwanafunzi wangu wa zamani alipeleka posa. Ni Mwislamu, anaswali, ana kazi, na binti mwenyewe, ambaye familia yake ina asili ya Kihindi, alikuwa ameridhia. Mshenga alirudi na jibu la adabu: kufu haikutimia. Wiki mbili baadaye ukweli ulijitokeza. Baba wa binti hakuwa na hoja yoyote dhidi ya imani ya kijana wala kipato chake. Tatizo lilikuwa ngozi.

Nasema wazi: huo si uchamungu. Kufu ni istilahi halali ya fiqhi, na wanazuoni wameijadili kwa karne nyingi. Wapo walioingiza nasaba. Imamu Malik aliegemea dini. Lakini Mtume mwenyewe alimwoza binti wa shangazi yake, Zaynab bint Jahsh, kwa Zayd bin Haritha aliyekuwa mtumwa akaachwa huru. Najua nitakumbushwa kwamba ndoa ile ilivunjika. Ilivunjika, naam, ila hakuna aliyethubutu kusema kwamba haikuwa halali.

Wakristo wasicheke. Mwaka 1959, katika jimbo la Virginia nchini Marekani, jaji aliwatia hatiani Richard na Mildred Loving, mume mzungu na mke asiye mzungu, kwa kosa la kuoana. Katika maelezo yake alidai kwamba Mungu aliziweka rangi za watu katika mabara tofauti kwa sababu hakutaka zichanganyike. Ilibidi kusubiri hadi mwaka 1967 Mahakama Kuu ya nchi hiyo ifute sheria za namna hiyo. Jaji huyo angefungua Hesabu sura ya 12 angeona kwamba Miriamu na Haruni walimsema Musa kwa sababu ya mke wake Mkushi. Aliyepigwa ukoma hakuwa Musa, bali Miriamu.

Wala tusiwanyooshee kidole wenye asili ya Asia peke yao. Ni wazazi wangapi wa Kiafrika wanaoimba kwaya moja na wakwe watarajiwa, kisha wakawakataa kwa sababu ya kabila?

Tofauti ya imani ni jambo jingine, nami sitaki kulifanya jepesi. Qurani, katika al-Baqara aya ya 221, inakataza kuoana na washirikina, na katika al-Maida aya ya 5 inawaruhusu wanaume kuoa wanawake wa Ahlul Kitabu. Paulo aliwaonya Wakorintho wasifungiwe nira pamoja na wasioamini. Haya ni mafundisho yenye maandiko, na sheikh au padri anayekataa kufungisha ndoa asiyoiamini ana haki hiyo. Haki yake, hata hivyo, inakoma mlangoni mwa msikiti au kanisa lake. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inatambua ndoa ya kiserikali, na sharti lake kuu ni hiari ya wawili. Mtumishi wa umma anayewarudisha wachumba waliotimiza masharti, akiwaambia wakaelewane kwanza nani atabadili dini, anakalia kiti cha serikali huku akifanya kazi ya mimbari.

Na wanaharakati wenzangu wasishangilie mapema, kwani hata jina la usawa limewahi kutumiwa vibaya. Mwaka 1970 huko Zanzibar, wasichana wenye asili ya Kiajemi waliozwa kwa nguvu kwa watu wa utawala, na wakubwa wakalitetea jambo hilo kuwa ni kuchanganya rangi. Ule ulikuwa udhalimu mtupu. Anayemzuia binti kuolewa na amtakaye na anayemlazimisha kuolewa na asiyemtaka wanakanyaga kitu kilekile: hiari yake.

Kwa hiyo namwomba baba yule jambo moja tu. Kama hataki mkwe mweusi, aseme hivyo kwa kinywa chake, mbele ya binti yake. Maneno hayo yatamwia mazito, na uzito huo ndio utakaomfundisha. Akiendelea kujificha nyuma ya kufu, atakuwa amewadhulumu vijana wawili, kisha akamtwisha Mungu lawama.