Wastani Mzuri, Mtoto Aliyedumaa: Kwa Nini Tunahitaji Watafiti Wanaojua Kupima Pengo

Ukisikia kwamba udumavu wa watoto nchini Kenya umeshuka kutoka asilimia 26 mwaka 2014 hadi asilimia 18 mwaka 2022, una haki ya kufurahi. Ni hatua kubwa. Lakini utafiti huohuo wa kitaifa wa demografia na afya, KDHS 2022, ulionyesha kwamba katika Kaunti ya Kilifi, ninakofanya kazi kama muuguzi wa jamii, udumavu ulikuwa asilimia 37. Hiyo ni zaidi ya mara mbili ya wastani wa taifa.

Mtoto aliyedumaa ni mfupi kuliko umri wake kwa sababu amekosa lishe bora kwa muda mrefu, au ameugua mara kwa mara, au yote mawili. Madhara yake hayaishii kwenye urefu. Ubongo nao unachelewa kukua, na miaka miwili ya kwanza ikishapita ni vigumu sana kurudisha kilichopotea. Kwa hiyo tunapozungumza juu ya asilimia, tunamzungumzia mtoto atakayekaa darasani miaka michache ijayo.

Wastani unaficha nini?

Wastani huchukua walioshiba na wenye njaa na kuwaweka kwenye sahani moja. Tazama mimba za utotoni. KDHS 2022 ilisema kitaifa, wasichana 15 kati ya 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamewahi kupata mimba. Samburu walikuwa 50. Nyeri na Nyandarua walikuwa 5. Ukipanga bajeti kwa kutazama ile 15 peke yake, utapeleka fedha nyingi mno mahali pamoja na kidogo mno mahali pengine.

Mfano unaonigusa zaidi ni wa Nairobi. Mwishoni mwa miaka ya 1990, takwimu zilionyesha kuwa jijini ni salama zaidi kwa mtoto kuliko kijijini. Kati ya kila watoto 1,000 waliozaliwa hai Nairobi, takriban 62 walifariki kabla ya kutimiza miaka 5. Vijijini walikuwa takriban 113. Kisha mwaka 2000, watafiti wa kituo cha APHRC, chenye makao yake hapo Nairobi, walifanya utafiti katika mitaa ya mabanda peke yake. Walikuta vifo 151 kati ya kila watoto 1,000. Watoto hao walikuwa wakifariki kuliko wa kijijini, huku wastani wa jiji ukiwafunika. Hawakuwa wamejificha. Ni kwamba hakuna aliyekuwa amewahesabu kando.

Je, vitabu vya zahanati havitoshi?

Havitoshi. Kila siku ya kliniki najaza kitabu cha chanjo: jina, kijiji, tarehe, uzito. Kitabu hicho kinamjua mama aliyefika. Mama aliyebaki ng'ambo ya mto uliofurika hakimjui kabisa. Pia hakiulizi sakafu ya nyumba ni ya udongo au saruji, wala mama alisoma hadi darasa la ngapi.

Kuna mwaka mmoja tulipongezwa kwa kuvuka lengo la chanjo. Miezi michache baadaye alikuja mama na mtoto wa mwaka mmoja na nusu ambaye hakuwa amechanjwa hata mara moja. Nilipoulizia kijijini kwao kupitia mhamasishaji wa afya ya jamii, tulipata wengine kama yeye. Watoto kutoka maeneo jirani yenye barabara nzuri walikuwa wamekuja kuchanjwa kwetu na kujaza hesabu. Hesabu ilikuwa sahihi, ila haikuwa ikijibu swali la nani ameachwa.

Ndiyo maana utafiti wa nyumba kwa nyumba una thamani. Mdadisi hubisha hodi kwa aliyefika zahanati na kwa ambaye hajawahi kufika.

Mtafiti hufundishwa nini hasa?

Kwanza, kugawa takwimu kwa makundi: utajiri, elimu ya mama, mjini na kijijini, jinsia, ulemavu, kaunti. Malengo ya Maendeleo Endelevu, katika shabaha ya 17.18, yaliyataka mataifa yawe na takwimu za namna hiyo kufikia mwaka 2020.

Pili, kujua maana ya "maskini" katika takwimu. Tafiti hizi haziulizi mshahara. Huuliza vitu: choo cha aina gani, maji hutoka wapi, kuna umeme, kuna runinga, kuna mifugo. Kisha kaya hupangwa katika mafungu matano, kuanzia la maskini zaidi hadi la tajiri zaidi. Njia hii inasaidia, lakini ina mtego. Familia ya chumba kimoja mtaa wa mabanda, yenye umeme na runinga, inaweza kuonekana ina nafuu kuliko mfugaji mwenye ng'ombe thelathini. Mtafiti asiyefundishwa ataamini jedwali bila kuuliza.

Tatu, kupima pengo kwa njia zaidi ya moja. Chukua mfano wa kubuni. Udumavu kwa maskini ni asilimia 40, kwa matajiri 20. Tofauti ni pointi 20, na maskini wameumia mara 2. Baada ya miaka kadhaa maskini wako 30, matajiri 12. Sasa tofauti ni pointi 18, kwa hiyo pengo limepungua. Lakini 30 ni mara 2.5 ya 12, kwa hiyo pengo limekua! Kauli zote mbili ni za kweli. Anayetaka kusifiwa atachagua ya kwanza, na anayetaka kulaumu atachagua ya pili. Mtafiti mwaminifu huonyesha zote mbili.

Nne, kuwa mwangalifu na makundi madogo. Ukiwa na watoto 20 tu katika kundi, mtoto mmoja peke yake hubadilisha jibu kwa pointi 5.

Mafunzo haya yapo. APHRC na mtandao wa Countdown to 2030 wamekuwa wakiwakutanisha wachambuzi wa wizara za afya na wa vyuo vikuu vya Afrika ili wachambue takwimu za nchi zao wenyewe. Shirika la Afya Duniani lina programu iitwayo HEAT, inayotumika bila malipo kuonyesha mapengo haya kwa michoro.

Kwa nini jambo hili ni la haraka sasa?

KDHS na tafiti nyingine kama hiyo zilitegemea mpango wa DHS, ulioanza mwaka 1984 kwa fedha za Marekani kupitia USAID na kufanya tafiti zaidi ya 400 katika nchi zaidi ya 90. Februari 2025 serikali ya Marekani iliukatia fedha. Wafadhili wengine wamejitokeza kuokoa sehemu ya kazi, lakini somo limebaki: macho ya kuazima hurudishwa kwa mwenyewe.

Nchi inaweza kulipia utafiti wake. Ikikosa watu wa kuuchambua, italipia makaratasi. Na takwimu zikikoma, wa kwanza kutoweka ni wale wale ambao kitabu changu cha chanjo hakiwajui.

Wewe unaweza kufanya nini?

Mdadisi akibisha hodi kwako, hakikisha kitambulisho chake, kisha mjibu kwa ukweli. Una haki ya kukataa swali, lakini nyumba isiyohesabiwa haipangiwi.

Kaunti yako ikiita wananchi kutoa maoni juu ya bajeti ya afya, nenda na maswali matatu. Asilimia hii ni ya kaunti nzima, au mna ya kila wadi? Walio nyuma zaidi ni akina nani, na pengo lao limepungua tangu lini? Na ni nani katika idara yenu anayejua kulipima?

Hata ndani ya Kilifi, mtoto wa Ganze kwenye ukame na mtoto wa Mtwapa kando ya barabara kuu hawaishi maisha mamoja. Ukiambiwa kaunti imefanya vizuri, pongeza kwanza, halafu uliza ni mtoto yupi.