Alama ya Baba Yangu si ya Mjerumani

Upo ugonjwa mmoja nchini mwetu ambao hauna dawa hospitalini, nao ni ugonjwa wa kutafuta mali ya Mjerumani. Mgonjwa wake utamtambua upesi. Akipita porini hatazami njia, bali hutazama magome ya miti. Akiona mkwaruzo, huo ni mshale. Akiona msumari uliomezwa na mwembe, huo ni ufunguo. Akiona tundu kwenye mbuyu, basi hatua arobaini kuelekea mashariki pana masanduku ya dhahabu. Kabla hujamuuliza amejuaje, amekwisha kuuza mbuzi.

Ningecheka kama wengine, lakini ugonjwa huu uliingia katika ukoo wangu. Mimi ni mtoto wa mrina asali wa Tabora. Mwaka 2011 mdogo wangu aliletewa mtu aliyejiita fundi wa kusoma alama. Fundi huyo akaukuta mninga mkubwa katika pori letu, wenye mistari mitatu iliyokutana chini kama mguu wa kanga. Akatangaza kwamba hiyo ni alama ya jeshi la Kijerumani. Mistari mitatu ni masanduku matatu, na mstari mfupi unaonyesha upande wa kuchimba. Tena akasema kuwa mti umekua na alama imepanda nao juu, kwa hiyo vipimo vinahitaji hesabu maalumu, na hesabu hiyo ina malipo yake. Mdogo wangu akauza ng'ombe saba.

Nilipopata habari nilisafiri kwenda kumwona. Nikamwambia, "Mdogo wangu, alama hii aliichonga baba. Ilikuwa mwaka 1962, nami nilikuwa na umri wa miaka tisa, nimesimama hapa nikimshikia kamba zake. Wewe ulikuwa hujazaliwa."

Akanijibu kwa upole, "Kaka, wewe umesoma, lakini mambo haya hayamo vitabuni."

Ni kweli hayamo vitabuni. Yalikuwamo mikononi mwa baba. Mrina asali alipotundika mzinga wake, alichonga alama mtini ili mwenzake ajue kuwa mti huo una mwenyewe. Ya baba ilikuwa mguu wa kanga. Yale makovu marefu kwenye miti ya jirani, ambayo fundi aliyaita ramani, ni mahali magome yalipobanduliwa kupata kamba. Na hiyo habari ya alama kupanda juu ni uongo mtupu. Mti hurefuka kwenye ncha zake; shina hunenepa tu. Alama iliyochongwa usawa wa kifua hubaki usawa wa kifua, ila hupanuka na kupinda kadiri shina linavyojaa. Kimo changu ni kile cha baba. Nilisimama kando ya mninga ule, na mguu wa kanga ulinikuta kifuani.

Hebu sasa tuitazame mali yenyewe. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia manowari za Waingereza zilifunga bahari, na fedha ikaadimika katika koloni. Mwaka 1916 Wajerumani wakaanza kujipigia sarafu palepale Tabora, katika karakana ya reli. Walipiga heller za shaba, kisha wakachukua dhahabu ya Sekenke wakapiga sarafu za rupia 15 zenye picha ya tembo, zaidi kidogo ya 16,000. Septemba mwaka huohuo Tabora ikatekwa na majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo. Je, serikali iliyofikia hatua ya kutengeneza pesa kwenye karakana ya reli ndiyo iliyokuwa na masanduku ya kuzika chini ya kila mninga? Askari wake Waafrika walimaliza vita mwaka 1918 wakidai mishahara yao, na ilikuwa mwaka 1964 Ujerumani Magharibi ilipoamua kuwalipa wazee waliokuwa bado hai. Wapagazi walikufa njiani kwa makumi ya maelfu. Kama kuna kitu kilichozikwa kwa wingi katika vita ile, ni watu wetu.

Sikatai kwamba rupia huokotwa. Huokotwa kwa sababu watu walizitumia, wakazidondosha, wakazificha vyunguni. Lakini rupia moja shambani si shahidi wa sanduku.

Mti uliochongwa juu ya kitu kilichozikwa kweli naujua mmoja. Livingstone alipofariki mwaka 1873 katika kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo, wenzake Waafrika waliuzika moyo wake chini ya mti wa mpundu. Jacob Wainwright akachonga maandishi kwenye shina. Mwaka 1899 mti ulikatwa, na kipande chenye maandishi kikapelekwa London. Maandishi yale hayakuwa fumbo. Yalitaja jina la marehemu na mwaka wake. Anayeficha mali haandiki. Anayeandika anataka asomwe.

Ndiyo maana jambo hili linaniuma kuliko hata ng'ombe saba. Tunapompa Mjerumani kila mchoro ulioko porini, tunasema kwamba baba zetu walipita humo maisha yao yote bila kuacha neno. Mjerumani alikaa miaka thelathini na ushei, naye tunamfanya mwandishi wa miti yote. Mwenye pori tunamfuta.

Shimo lilifika futi ishirini. Mvua za kwanza ziliporomosha kuta zake, zikamfukia kijana wa jirani aliyekuwa akichimba kwa ahadi ya fungu lake. Fundi aliondoka usiku uleule. Mama wa kijana yule bado yuko hai, na mdogo wangu akipita mbele ya nyumba yake huinamisha kichwa.

Mninga, ukiwa umekatwa mizizi, ulianguka mwaka uliofuata. Nilikata kipande chenye mguu wa kanga, nami ninacho hadi leo.

Ndugu msomaji, ukiletewa mtu wa kukusomea mti, usimwonyeshe zizi lako. Mpeleke kwanza kwa mzee wa hapo, umuulize mzee huyo swali moja tu: zamani, ni nani aliyekuwa na mizinga yake upande huu?