Pedali Ngumu Si Breki

Nenda gereji yoyote ya uani, Dar es Salaam au Mombasa, useme breki za gari lako hazikuridhishi. Fundi atakaa kitini, atakanyaga mara mbili, na pedali ikishuka kidogo atatikisa kichwa: "Laini hii. Tafuta masta kubwa." Vijana wanaopenda kuyarembesha magari yao wanasadiki vivyo hivyo. Kwao ukubwa wa masta silinda, ile pampu inayosukuma mafuta ya breki, ndio ukali wa breki, na pedali ikiwa ngumu kama jiwe, gari limepona. Imani hii ni ya uongo, tena ni ya hatari, maana humfurahisha mtu gari likiwa limesimama na kumsaliti likiwa mwendoni.

Niliwahi kuiamini. Gari langu ni dogo, la Kijapani, na masta yake ilikuwa imeanza kupitisha mafuta ndani kwa ndani. Nikisimama kwenye taa, mguu umetulia juu ya pedali, pedali inazama polepole kuelekea sakafuni, na nje hakuna hata tone lililovuja. Hiyo ni dalili ya raba za ndani kuchoka, na dawa yake ni masta mpya. Muuza spea akaniuliza kwa nini nirudishe ileile wakati ipo kubwa. Akanipa ya mtumba iliyotoka kwenye gari zito zaidi. Ya zamani ilikuwa na namba 13/16 ubavuni, ndicho kipenyo cha tundu lake kwa inchi. Hii iliandikwa 15/16. Nikaifunga nyumbani Jumamosi. Pedali ikasimama juu, ngumu, inapendeza. Majirani wakaikanyaga kwa zamu, wakasifu.

Jumatatu akaliendesha mke wangu. Bodaboda ikakatiza mbele yake, akakanyaga kama alivyozoea, na gari likaendelea kwenda. Ikabidi ajiinue kitini na kuutupa uzito wake wote mguuni ndipo likasimama, limebakiza hatua moja. Hakuna aliyeumia. Alipofika nyumbani, hata salamu hakutoa: "Baba nanihii, umefanya nini kwenye breki?"

Jibu lilikuwa kwenye fizikia ya sekondari niliyoifaulu na kuisahau. Presha ni nguvu kugawanya kwa eneo. Mguu ukisukuma kwa nguvu ileile na eneo la pistoni likaongezeka, presha ya mafuta inapungua. Tofauti ya 13/16 na 15/16 ni milimita 3 na kidogo, lakini eneo hukua kwa mraba wa kipenyo, kwa hiyo liliongezeka kwa theluthi moja, na presha inayofika magurudumuni ikashuka kwa robo. Asiyeamini achukue mabomba mawili ya sindano, jembamba na nene, ayajaze maji na kuyaunganisha kwa mpira. Mtoto ashike jembamba, yeye ashike nene, wasukumane. Atashangaa mtoto anavyompa kazi.

Ugumu ule tuliousifu uani ulitokana na mguu kusukuma mafuta mengi zaidi kwa kila sentimita ya pedali. Mimi mwenye mguu mzito sikuuona upungufu. Aliyeuona ni mwenye uzito mdogo, na ndiye breki zilipaswa kumlinda kwanza.

Na pedali ngumu kuliko zote ni ile ya gari ambalo buta yake, kifaa kinachousaidia mguu kusukuma, imekufa. Mpira ambao injini huvutia upepo kutoka kwenye buta ukipasuka, pedali inakuwa kama umekanyaga ukuta, na gari halisimami mpaka uikanyage kwa nguvu zote. Kwa kipimo cha gereji zetu, hizo ni breki bora kabisa! Kuna kipimo cha kweli na ni bure: zima injini, kanyaga mara kadhaa mpaka pedali ikaze, ishikilie hapo, kisha washa. Buta ikiwa nzima, pedali itashuka kidogo chini ya mguu. Ule ulaini mdogo ndio msaada unaoupata.

Masta kubwa ina mahali pake. Ukibadili kalipa, zile zinazobana pedi magurudumuni, ukaweka zenye pistoni kubwa, zinahitaji mafuta mengi, na masta ndogo itakufikisha sakafuni kabla pedi hazijabana sawasawa. Hapo ongeza kipenyo. Lakini kinachoamua ni kalipa, na masta hufuata. Kubadili masta peke yake ili upate breki kali ni kwenda kinyume na unachokitafuta.

Anayelalamikia pedali laini aanze kwingine. Kuna upepo kwenye paipu? Mipira ya kwenda magurudumuni imezeeka, inavimba ukikanyaga? Brekishu za nyuma zimeachana na dramu? Mafuta yana miaka mingapi? Mafuta ya breki hunywa unyevu wa hewani, na pwani unyevu hatuukosi. DOT 3 mpya huchemka kuanzia nyuzi 205 za Selsiasi. Ikishanywa maji, kiwango chake kinashuka hadi 140. Kwenye mteremko mrefu kama wa Kitonga yanaweza kuchemka na kutoa mvuke, na mvuke hausukumi pistoni.

Simkatazi mtu kufanya kazi hii nyumbani, mwenyewe nimeirudia. Nilinunua masta mpya ya 13/16. Kabla ya kuifunga niliibana kwenye jiliwa, nikaijaza mafuta, nikarudisha mipira miwili kwenye kikombe chake na kusukuma pistoni taratibu kwa bisibisi mpaka mapovu yakaisha. Nikapima fimbo ya buta, kwa sababu ikiwa ndefu kupita kiasi pistoni hairudi mwisho, mafuta hayaachiwi, na baada ya mwendo breki zinajishika zenyewe huku magurudumu yakiwaka moto. Anayebadili aina ya masta bila kupima hapo anacheza na roho za watu. Kisha nikatoa upepo gurudumu kwa gurudumu, mke wangu akikanyaga, mimi chini na chupa. Tulimaliza magharibi.

Jirani alikuja kuikanyaga, akasema imekuwa laini. Nikampa mke wangu ufunguo. Alikwenda hadi barabara ya lami na kurudi, akazima gari, akasema sasa linamsikia.

Ile ya 15/16 ipo kwenye rafu. Kijana mmoja wa mtaani ameshaiomba mara mbili, na mara zote mbili nimemuuliza ameweka kalipa gani. Bado hajanijibu, na masta bado ninayo.