Rwanda ilipohamia Kiingereza, nani aliubeba mzigo?

Matokeo ya kidato cha nne yakitoka, mjadala wa lugha huanza upya. Wapo wanaosema Kiingereza kitumike kwa kila kitu kuanzia darasa la kwanza. Wapo wanaosema tubaki na Kiswahili hadi chuo kikuu. Msikilizaji, kabla hujachagua upande, tutazame kwa jirani zetu wa Rwanda. Wao walishaamua.

Ilianzaje?

Rwanda ilitawaliwa na Ubelgiji, na kwa miaka mingi ofisi na shule zake zilitumia Kinyarwanda na Kifaransa. Baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994, walirudi nyumbani Wanyarwanda wengi waliokulia nchi jirani. Waliotoka Uganda walikuwa wamesoma kwa Kiingereza. Katiba ya mwaka 2003 ikataja lugha rasmi tatu: Kinyarwanda, Kifaransa na Kiingereza.

Mabadiliko makubwa yalikuja Oktoba 2008, Baraza la Mawaziri lilipoamua kwamba shule zifundishe kwa Kiingereza. Utekelezaji ulianza mwaka 2009. Sababu zilikuwepo. Rwanda ilikuwa imejiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007 na ilikuwa inaomba kuingia Jumuiya ya Madola, ikakubaliwa Novemba 2009. Tangu mwaka 2006 ilikuwa pia imevunja uhusiano wa kibalozi na Ufaransa.

Darasani kulikuwaje?

Walimu wengi walikuwa wamesomeshwa kwa Kifaransa. Kutoka uamuzi hadi mwaka mpya wa masomo ilikuwa miezi michache tu. Mwalimu anayeijua hesabu vizuri akajikuta anatafuta maneno ya kuieleza.

Hali hiyo tunaijua hata huku kwetu. Mwalimu asiyeimudu lugha husoma kitabu kilivyo, watoto wakaitikia kwa pamoja bila kuelewa. Au hueleza kwa lugha ya nyumbani, kisha mtihani ukaja kwa lugha nyingine.

Mwaka 2011 serikali ya Rwanda ilirudisha Kinyarwanda kwa madarasa matatu ya mwanzo. Desemba 2019 ikatangaza tena kwamba Kiingereza kitumike kuanzia darasa la kwanza. Ndani ya miaka kama 11, mpango wa madarasa ya chini ulibadilishwa mara tatu. Kila mara vitabu na walimu walitakiwa kubadilika pia.

Mambo matatu yanayochanganywa

Lugha rasmi ni ile inayotambuliwa kwa shughuli za serikali, kama sheria na nyaraka. Lugha ya kufundishia ni ile ambayo mwalimu hutumia kueleza sayansi au hesabu. Somo la lugha ni kipindi cha kujifunza lugha yenyewe.

Nchi inaweza kuwa na kimoja bila kingine. Burundi iliongeza Kiingereza kwenye lugha zake rasmi mwaka 2014, lakini Kirundi hakikuondoka. Rwanda nayo ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017, na watoto wake hawakuhamishiwa hesabu kwa Kiswahili. Kwa hiyo mtu akisema "tuchukue Kiingereza," muulize: kwenye lipi kati ya hayo matatu?

Nani hulipa?

Mzazi anayetaka mwanawe ajue Kiingereza hakosei. Vitabu vingi vya vyuo vimeandikwa kwa lugha hiyo, na usaili wa kazi nyingi hufanywa kwayo. Faida ni ya kweli.

Lakini gharama hailipwi sawasawa. Mtoto wa mjini mwenye wazazi wenye uwezo hukisikia Kiingereza nyumbani na kwenye televisheni, na akikwama hulipiwa masomo ya ziada. Mtoto wa mkulima hukisikia kwenye kinywa cha mwalimu peke yake. Mwalimu akiyumba, mtoto huyo hakosi Kiingereza tu. Anakosa na hesabu, anakosa na sayansi.

Sisi tumesimama wapi?

Tanzania ilikwenda upande mwingine kwenye mahakama: mwaka 2021 sheria ilirekebishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na mahakama. Shuleni bado tuna mguu huku na mguu kule. Shule nyingi za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili, kisha kidato cha kwanza masomo karibu yote hugeuka kuwa ya Kiingereza. Hapo ndipo watoto wengi wa vijijini hukwama.

Funzo la Rwanda ni hili: tangazo huchukua siku moja, kumwandaa mwalimu huchukua miaka. Nchi ikitaka Kiingereza, ianze na mwalimu na kitabu, na mtoto mdogo aelewe kwanza kwa lugha anayoijua. Ikianza na tangazo, mzigo utamwangukia mtoto wa kijijini.

Kikao cha wazazi kikiitishwa shuleni kwenu, nenda na maswali haya. Nani anafundisha Kiingereza hapa, na alisomea somo hilo? Vitabu vinatosha watoto wangapi? Anayekwenda kidato cha kwanza anaandaliwa vipi kabla ya kuripoti? Ukipata majibu, tupigie kwenye kipindi uwaeleze na wenzako.