Kumkalisha Mama Mkwe Kitako Si Heshima



Leo tuambiane ukweli. Tumezoea kumsifu mke mwema kwa kusema, "Mkwewe hagusi hata ufagio." Biharusi akiingia tu nyumbani, anafundishwa kumpokonya mama kila kazi mkononi. Mama anabaki kitandani, asubuhi chai na boflo, jioni chai na boflo. Tunaiita heshima. Hasha! Huko ni kumvunja nguvu mapema.

Misuli hupungua kadiri umri unavyokwenda, na isiyotumika hupungua haraka zaidi. Mwaka 2001, Dkt. Linda Fried na wenzake huko Marekani walitaja dalili 5 za udhaifu wa uzeeni: kupungua uzito bila kukusudia, uchovu, mkono kukosa nguvu ya kushika, mwendo wa polepole, na kutojishughulisha. Mwenye dalili 3 huhesabiwa dhaifu, na mtu huyo huwa karibu zaidi na kuanguka na kulazwa. Hiyo ya tano tunampa mama sisi wenyewe, kwa mikono yetu.

Mtasema, "Ameshatumika, mwacheni apumzike." Kweli, kazi nzito si yake tena. Lakini kupumzika si kufungwa chumbani. Shirika la Afya Duniani linawashauri wazee wajishughulishe angalau dakika 150 kwa wiki, na siku 3 wafanye mazoezi ya kutia nguvu na kuwazuia wasiyumbe. Sala yenyewe ni kusimama, kurukuu, kusujudu na kuinuka; mama anayeweza kusimama, kwa nini tumkimbilie na kiti? Mtume (SAW) alimuomba Allah amkinge na uvivu na ukongwe. Vipi sisi tumsukume mama huko huko?

Basi biharusi wetu, mwache mama achambue mchele, amwagilie mauwa, aende kwa jirani kwa miguu yake. Akae uani apate jua, maana mwili hulitumia kutengeneza vitamini D. Punguza boflo, ongeza samaki, mayai, choroko na maharage. Meno yamemtoka? Mpondee. Ana maradhi? Muulizeni daktari kwanza kazi gani zinamfaa.

Kumtumikia mama ni ibada. Ila tumtumikie kwa namna ambayo adhana ikilia, atainuka mwenyewe kwenda kutia udhu.